Naitrojeni Haishiki Klorini Tano

Jumanne, 7 Aprili
Nimeshona sare mbili asubuhi, ya tatu nimeiacha haina mikono. Saa nane kituoni, tunakojiandalia mtihani wa kidato cha sita. Kemia. Mwalimu Kapaya kaandika ubaoni kwamba naitrojeni inashika klorini tano sawa na fosforasi, kwa kuwa zote ni za kundi moja. Si kweli. Fosforasi inashika tano. Naitrojeni ni ndogo mno, nafasi haina, inaishia tatu. Hilo nimelisoma mara nne. Nikanyoosha mkono, nikasema.
Akageuka. "Mama, wewe rudi kwenye cherehani yako."
Darasa zima likacheka. Wenzangu wana miaka kumi na tisa, mimi thelathini na moja. Uso ulinichoma. Sikukaa mpaka nilipomaliza sentensi yangu.

Jumatano, 8 Aprili
Nimeitwa na mkuu wa kituo, Bi Mwajuma. Mwalimu anataka nimwombe radhi mbele ya darasa. La sivyo, nisiingie kipindi chake. Nikamfungulia kitabu, ukurasa wenyewe. Akasoma. Akarudia.
"Uko sahihi, mwanangu. Lakini mwalimu wa kemia ninaye huyo mmoja tu."
Jibu nimempa palepale. Siombi.
Hasira. Nimevunja sindano mbili leo.

Ijumaa, 10 Aprili
Mume wangu Saidi kapiga simu toka Igunga, lori lake limeharibika njiani. Nikamweleza. Anasema niombe tu yaishe, neno moja halimpunguzii mtu kitu.
Mimi linanipunguzia. Kidato cha sita niliacha kwa mimba ya binti yangu Zainabu, na kila mtu akaniambia ninyamaze, yatapita. Nikanyamaza miaka kumi na miwili. Sasa mtihani ni mwezi ujao na nataka kusomea ufamasia. Mfamasia anayeitikia kitu anachojua ni kosa, ataua mtu.
Saidi akasema, haya, fanya unavyoona. Nampenda mume wangu. Leo kaniudhi.

Jumatatu, 13 Aprili
Nimekwenda kipindi cha kemia. Kwa woga, lakini nimekwenda. Kapaya kasimama mlangoni.
"Umekuja kuomba radhi?"
"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kusoma."
Hakuitikia. Akafunga mlango.
Nikazunguka nje, nikasimama dirishani, daftari juu ya ukingo. Jua la saa tisa usoni. Nikaandika kila alichosema. Kaboni inavyoshikana na kaboni nyingine kwa minyororo mirefu, na silikoni chini yake inavyoshindwa. Risasi, ile metali ya chini katika kundi hilohilo, inavyoridhika kutoa elektroni mbili badala ya nne. Kaeleza vizuri sana. Ni mwalimu mzuri, ndiyo maana inauma.
Katikati ya kipindi akaja akafunga na dirisha.
Sirudi. Na radhi hapati.

Jumapili, 19 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Rehema na Masanja wa darasa lile wamefika nyumbani, Itetemia, wameloa, bila kualikwa. Rehema kasema mwenyewe kwamba siku ile alicheka, na anaona aibu. Kasema pia kwamba Alhamisi Kapaya aliwarudisha kwenye naitrojeni, akafuta tano, akaandika tatu. Jina langu hakulitaja. Nilidhani ningefurahi zaidi.
Nimepika chai. Tumekaa barazani, kitabu kimoja, vichwa vitatu. Rehema akauliza mbona klorini ni gesi, bromini kimiminika, iodini kigumu, na zote ni za kundi moja. Nikamwambia molekuli zinavyozidi ukubwa kwenda chini, ndivyo zinavyozidi kuvutana. Akaanza kuandika mbio, bila kutazama kitabu.
Nikamshika mkono.
"Usiniamini mimi. Soma kwanza."
Akavuta kitabu karibu. Tukamsubiri asome.