Koti la Mwalimu Lutengano

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tukulaze pale kilimani juu ya Mbalizi, na baridi ya Juni imerudi bila wewe. Siku hizi hakuna anayewasalimia kuku wetu kwa Kiingereza asubuhi. Labda ndiyo maana hawatagi.

Ulipenda chai yenye sukari nyingi. Nyumbani ulikuwa na maneno machache, maana mengine yote uliyamalizia darasani. Kukamua ng'ombe hukujua wala hukutaka kufundishwa, na Mama, uliyemtoa kwao Kalenga, alikutania kwa hilo mpaka mwisho.

Kazi yako ilikuwa kuwafundisha watoto wadogo kuulizana na kujibizana kwa Kiingereza. Kujibu waliweza. Kuuliza ndiko kulikowashinda, kwa sababu kwetu mtoto hamhoji mkubwa. Huinamisha kichwa akangoja kuulizwa yeye. Hukubishana na mila. Ulivua koti lako, lile pana ulilopunguziwa bei na fundi cherehani Bwana Himmat kwa kuwa halikumfaa mteja mwingine, ukasema kwamba anayelivaa ndiye mkubwa. Wewe ukaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi, ukitetemeka kwa baridi, ukijibu kila ulichoulizwa.

Habari zikawafikia wazazi. Mwaka 1952 Mzee Asukile alishuka kutoka milimani kuja kumwondoa shule binti yake, Alinanuswe.

"Mwalimu, mimi nilimleta huyu asome," alikwambia mlangoni. "Kuhoji wazee sikumtuma. Kesho nani ataoa mtoto wa namna hii?"

"Kuuliza si ujinga, Mzee," ulimjibu. "Ila kaa kwanza umsikie. Ukichukia, ondoka naye."

Ulisema kwa upole, lakini jioni ulitwambia jinsi ulivyoogopa. Alinanuswe ndiye aliyekuwa mwepesi wa ulimi kuliko wote, na akiondolewa yeye, wasichana wengine wasingebaki.

Akavaa koti, pindo likiburuta sakafuni. Anania, mwanao, alikuwa darasani na anakumbuka walivyongoja asimame mbele ya baba yake kama mkubwa. Hakusimama. Alichuchumaa, macho chini, kama binti aliyelelewa vizuri, kisha akamwuliza kwa Kiingereza kama amekula.

Ukamfasiria Mzee. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na njia nzima hakuna aliyemwuliza hilo.

"Bado, mwanangu," alisema.

Alinanuswe akamfundisha kulijibu swali lile kwa Kiingereza, na kuliuliza pia, Mzee akayarudia maneno mpaka yakamkaa. Mama akaleta viazi na maziwa ya mgando. Mzee alikula akashiba, akaaga, akapanda mlima peke yake. Binti alibaki darasani.

Siku tuliyokuzika, Mama hakutia kitu kinywani. Mashangazi walimbembeleza, wakamkaripia, wakachoka. Ndipo Mzee Asukile akaja kukaa karibu na mkeka wake, akamwuliza, kwa Kiingereza chake kilekile cha siku moja, kama amekula. Mama naye alikuwa amekusikia kupitia dirishani miaka yote ukifundisha, basi akamjibu kwa Kiingereza kwamba bado. Akaletewa uji, akaumaliza. Tulilia sana kwa kumwona akinywa.

Tangu Januari Alinanuswe ni mwalimu huko Iringa. Alipokuja kuaga, Mama alilitoa koti lako sandukuni akamvika mwenyewe. Salamu zake zinasema watoto wanaligombania kila asubuhi, na hakuna anayeogopa kuuliza.

Tunaokukumbuka ni mkeo Matilda, sisi wanao Anania na Esta, dada yako Verediana, shemeji zako wa Kalenga, Mzee Asukile, na wote waliowahi kulivaa koti lile. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Na leo, Baba, tumekula.