Neri Kakalishwa Karibu na Jiko

Jumapili, Julai, baridi kali

Kumbe Bibi alishajua tangu getini! Mimi wiki nzima silali, nawaza atasema nini akigundua kwamba mchumba wangu Neri ni mtu wa baharini, ngozi yake ikikauka anaumwa.

Leo nimemleta hapa Kalenga amsalimie. Njiani nilimfundisha kusema "kamwene", salamu yetu ya Kihehe, akaitamka vizuri kuliko binamu zangu wa mjini. Nililosahau ni jiko. Kwetu, msimu wa baridi, mgeni wa heshima anakalishwa karibu na jiko la mkaa. Bibi mwenyewe akamsogezea kiti, na Neri, kwa adabu zake za kuniudhi, akakaa! Midomo ikampasuka, magamba yakaanza kuonekana shingoni, yeye anatabasamu tu.

"Asante Bibi, pazuri."

Nilitamani kumzaba kofi.

Nikaanza kudanganya kwamba ana homa. Bibi hakunisikiliza. Alitoka, akarudi na beseni la maji baridi, akamimina humo pakiti nzima ya chumvi, akaliweka miguuni pa Neri.

"Tumbukiza miguu, mjukuu wangu. Hapa kwetu ukiumia unasema."

Neri akashusha pumzi ndefu. Mimi nikalia, sijui hata kwa nini.

Baadaye nikamuuliza Bibi alijuaje. "Kaja na kandambili mwezi wa saba," akasema, "hatetemeki, na ananukia bahari. Nilimweka karibu na jiko nione kama atasema."

Nikasubiri lawama. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye wasiwasi wa kweli:

"Huko kwao chini ya maji, Walutheri wapo?"