Kifungo Ameangalia Juu

Ijumaa, katikati ya Julai. Hapa kwetu Manga pamefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na jua limechungulia mara moja tu, saa nane hivi. Naandika upesi kabla Sabato haijaingia, mkono mmoja kwenye simu na mwingine juu ya boksi la Kifungo.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa, Kifungo ni kobe wangu mchanga. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule sokoni, na nilipewa kobe huyu miezi miwili iliyopita na mteja wangu, Mama Atieno, aliyehamishwa kikazi kurudi kwao ziwani. Alinikabidhi pamoja na karatasi ya kibali cha kumfuga. Kobe alionekana kama kifungo cha koti kilichodondoka sakafuni, jina likajipa lenyewe.

Kusema kweli, wiki hii sijalala vizuri. Kifungo alikuwa hajala kwa siku nne. Baridi hii ya Julai si ya kobe. Nilimpelekea majani ya maboga, akafumba macho. Nilimwogesha kwa maji ya vuguvugu, akafumba macho. Nimelia mara mbili kwa ajili ya mnyama anayeenea kiganjani, na sioni aibu kuliandika.

Niliogopa atakufa.

Basi asubuhi nikaizungushia leso chupa ya maji moto, nikaiweka ndani ya boksi, na boksi nikalilaza ubavu ili atoke mwenyewe kuota jua likija. Mlango wa nyumba nikauacha wazi. Nikaenda kazini nikijiona mjanja.

Saa saba na nusu simu ikalia. Namba ngeni.

"Mokamwana," sauti ikasema.

Mtu mmoja tu huniita hivyo, yaani mke wa mwana, naye ni baba mkwe wangu, ambaye mimi humwita tata, baba. Nimeolewa miaka saba na hakuwahi kunipigia simu hata siku moja. Akitaka kitu humwambia mama mkwe, naye huniambia mimi. Leo alikuwa ameisoma namba yangu kwenye kalenda ya duka langu iliyo ukutani, yeye akiwa amesimama mlangoni.

"Huyu mnyama wako ameangalia juu."

Kobe mchanga akilala chali kwa muda mrefu, ndiyo kwaheri. Bila shaka alikuwa amejaribu kupanda mguu wa kochi.

"Tata, mgeuze tu!"

"Nimgeuze nikiwa wapi? Ako ndani. Hii ni nyumba ya mtoto wangu."

Wasio Wakisii watashangaa. Kwetu kuna chinsoni, heshima inayowawekea watu mipaka: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mvua inyeshe, mawe yaanguke, tata haingii kwangu. Mume wangu yuko Marani kikazi, na mama mkwe alikuwa ameenda kusaga mahindi. Mzee alikuwa peke yake pale mlangoni, akisikia gamba likikwaruza saruji. Na ndiye huyu huyu aliyesema, siku nilipomleta Kifungo, kwamba kitu kisichokamwa wala kulinda boma hakina kazi hapa.

Nilimwacha mwalimu mmoja dukani katikati ya vipimo, mikono juu, nikashika bodaboda.

Nilipofika nilisimama wima. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti changu, kofia pembeni, mkononi ameshika upondo anaoangulia maparachichi. Kichwa na mabega vilikuwa ndani. Kuanzia kiunoni alikuwa nje.

Hakugeuka.

"Miguu yangu iko nje," akasema. "Wewe ni shahidi."

Nikasema ndiyo, iko nje kabisa. Ningetaka kuingia nimgeuze Kifungo mwenyewe, lakini nipite wapi? Mlango wote ulikuwa wake, na mkwe harukwi. Nikabaki uani, nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, sijui kama nazuia kilio au kicheko.

Alisukuma polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mara ya kwanza ikashindikana. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, tap! Kifungo akawa kwa miguu yake. Tata akamvuta kwa ncha ya upondo hadi kizingitini, akamweka kiganjani, akainuka akiguna. Shati lote vumbi.

Ndipo jua likatoka. Mzee akaketi kwenye kigoda chake, akachuma ua la boga, akalisogeza karibu na pua ya Kifungo.

Akauma.

Akauma tena. Siku nne jamani! Nilipiga vigelegele peke yangu pale uani mpaka kuku wakatawanyika.

"Kumbe anataka maua," tata akasema. "Wewe umekuwa ukimpa majani kama ng'ombe."

Tusi hilo nililipokea kwa mikono miwili. Labda ni jua lililomwamshia hamu. Mzee anasema ni mkono wake, na mimi sibishani naye.

Kesho ni Sabato, hakuna kupiga nyundo. Jumapili Kifungo anajengewa kibanda cha mchana katikati ya nyumba zetu mbili, mahali tata anapoweza kufika kwa miguu yote miwili.

Nikiwa hapa naandika, simu imelia. Namba ile ile, ila sasa nimeihifadhi: Tata. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka kwangu. Namwona dirishani, amesimama nje kwenye baridi, simu sikioni, uso ameuelekeza kwangu.

"Mokamwana. Amelala?"

"Amelala, tata."