Busaa ya Mama Mkwe

Kamau mjukuu wangu,

Huku Komarock tu wazima, ila simu ya kibandani imeharibika tena. Unauliza kama nasi tulikuwa na vilabu vidogo vinavyojipikia pombe, kama hicho ulichogundua ng'ambo. Kulikuwa na sebule ya mama yake nyanyako, kule Makadara. Alipika busaa, pombe ya wimbi, hata mafundi wa reli wakasahau bia ya chupa.

Nilipokwenda kumposa bintiye, wazee wao wa Kiluhya walinikaribisha kwenye chungu cha pamoja, ninywe kwa mrija mrefu. Sisi Wakikuyu tulizoea kunywa kwa pembe. Busaa ilikuwa ya moto, nikapuliza mrijani ipoe. Povu likawarukia wazee usoni.

"Anakunywa ama anapiga filimbi?" mzee mmoja akafoka. "Hakuna posa hapa!"

"Mwacheni," mama wa binti akasema. "Mkwe asiyejua kunywa nitampata wapi tena?"

Binti nikapewa, mrija nikanyang'anywa.

Msalimie kwa heshima huyo mpika pombe wa kilabu chako. Huwezi kujua ana binti gani.

Babu yako