Walikuja Kumwona Mwenye Picha

Baba,

Shikamoo. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa sababu siku mdogo wako Asajile atakapokufuata huko atakuja na maneno yake yameshapangwa, na wewe siku zote ulikuwa mwepesi wa kumwamini. Sitaki uyasikie kwake kwanza. Alijifanya wewe, Baba. Mchana kweupe, uani kwako, amevaa koti lako jeupe la kazi, mbele ya wageni.

Ngoja nianze na lile bango.

Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, nimesharudi Tukuyu kwenye cherehani yangu pale mtaa wa Bagamoyo. Asubuhi moja napita karibu na stendi, nikakutana na uso wako. Umekuwa mkubwa kuliko mlango wa duka. Unacheka, mashine ya kunyolea mkononi, na chini yako kampuni ya sola imeandika: "Zamani niliishi gizani." Nikasimama katikati ya njia mpaka bajaji ikanipigia honi. Gizani! Wewe, ambaye nusu ya kijiji cha Masukulu ilikuja kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio yako. Wewe uliyenisomesha kwa mkasi na wembe, taa ya chemli ikiwa imening'inia juu ya kiti cha wateja. Hilo giza waliliona wao tu.

Siku ya kupigwa picha hiyo nilikuwepo, unakumbuka? Mpiga picha alikutazama kuanzia kofia mpaka chini, akasema, "Mzee, ungevua viatu, picha ingekuwa na hisia zaidi." Ukamjibu, "Miguu yangu haijaomba umeme, kijana." Ndiyo maana bangoni unaishia kifuani. Nilicheka siku ile. Pale stendi sikucheka.

Nisiwe mwongo, taa yenyewe uliipenda. Kabla ya sola vijana walikuwa wanapanda mpaka mjini kwenda kunyolewa kwa mashine, wewe umebaki na wazee wenzako na watoto wa Komunyo ya kwanza. Ulipofungiwa ile paneli walirudi, na Jumamosi benchi lako likajaa. Ukaniambia, "Kichwa ni kichwa, mwanangu, ila kijana anataka kinyolewe na muziki." Ile paneli uliiita ng'ombe wa batini. Na masika yalipofika, jua likawa mgeni kama kawaida ya kwetu, mashine inakoroma kidogo halafu inazima huku malipo yanadaiwa vilevile, ukasema, "Huyu ng'ombe anakula hata siku asiyokamuliwa." Ulisema bila hasira. Mimi ndiye mwenye hasira, Baba, na wala sijui nimeirithi kwa nani.

Ulipolazwa, simu yako ilibaki nyumbani, malipo yakapita siku yake, na lile boksi la sola likajifunga lenyewe ukutani, kama yanavyojifunga yote usipolipa. Nikampigia Fredi, wakala wao. Nilisimama kwenye varanda ya wodi, wewe ndani unahema kwa shida, namweleza kwamba mzee anaumwa, wavumilie kidogo. Akasema, "Pole sana dada Atupele, lakini mfumo hautambui ugonjwa."

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Mfumo! Hautambui ugonjwa, hautambui mawingu, wala msiba hautambui. Uliwekwa na watu wenye mama na baba, halafu wakajificha nyuma yake kama watoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Tumekuzika boksi likiwa limefungwa, kijitaa chake chekundu kinawaka na kuzima ukutani juu ya vichwa vya waombolezaji, mpaka Mama akaondoka pale alipokaa akalifunika kwa kanga. Taa tuliazimwa na watu wa kanisani.

Baada ya hapo kimya. Hata pole ya kampuni hatukuipata. Mpaka walipokuhitaji.

Wawekezaji walikuwa wanakuja, watu waliotia pesa zao kwenye kampuni, na kampuni ilitaka watie nyingine ili paneli zifike Lupepo na huko mbele. Na wageni walikuwa wameomba jambo moja tu: wamwone yule mzee wa kwenye picha. Sasa mtu mwenye haya angefanya nini? Angesema mzee amefariki. Maneno mawili. Meneja wao kutoka Mbeya hakuyaweza hayo mawili. Alimtuma Fredi kwa Asajile, kwa kuwa mnafanana pua na paji la uso, akamwahidi televisheni.

Televisheni, Baba. Mtu uliyemlea mgongoni.

Asajile alikwenda kwa Mama akamwomba koti lako. Alisema anataka kitu cha kukukumbukia. Mama akalifua upya, akalipiga pasi ya mkaa, akampa kwa mikono miwili. Jioni hiyohiyo Fredi akapita kufungua boksi, akaropoka kwamba kesho kuna wageni, mama asafishe uwanja, wanakuja kumwona mzee. Mama hakumuuliza mzee yupi. Alinipigia simu. "Njoo," akasema. "Kuna watu wanakuja kumwona baba yako."

Nilidhani huzuni imemzidi. Nikapanda gari la kwanza.

Nilikuta uwanja umefagiliwa, na Mama yuko jikoni anapika mbalaga kwa maziwa, ndizi za mgeni wa heshima. Nikamwambia, "Mama, unawapikia hawa?" Akasema, "Mgeni hapikiwi kwa tabia yake." Asajile alikuwa ameshakaa kibandani kwako, koti limembana tumboni, ananikwepa macho. Meneja alipanga kila kitu kama harusi. Fredi ndiye angekuwa mteja.

Wageni wakafika kwa kuchelewa, gari lao lilikwama kwenye tope pale mtoni likasukumwa na watu wetu. Alikuwepo mama mmoja wa Kizungu mwenye mabuti ya mpira, na bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anakanyaga kama kuku kwenye majivu, akiogopea viatu vyake. Bwana huyo ndiye alikuwa mkalimani. Meneja akainama huku na huku, akasema, "Huyu ndiye mzee wetu."

Asajile akawasha mashine.

Baba, ungekuwepo ungekufa mara ya pili kwa kicheko. Mdogo wako hajawahi kunyoa hata mbuzi. Alianzia utosini akashuka mpaka kisogoni mstari mmoja mweupe, halafu akakata kona. Na mawingu yalikuwa yamelala juu ya migomba tangu alfajiri, boksi limefunguliwa jana yake tu baada ya kukaa bila kazi tangu ulipolazwa, betri haina kitu. Mashine ikalia, ikapunguza sauti, ikazima ikiwa imeng'ata nywele. Fredi akapiga yowe. Asajile akavuta. Fredi akapiga yowe la pili. Kichwa chake kilikuwa kama shamba la mahindi lililopitiwa na nguruwe.

Yule mama wa Kizungu hakucheka. Alikuwa anatazama simu yake, anamtazama Asajile, anarudi kwenye simu. Akasema neno, na bwana wa Dar akatafsiri, "Anauliza, mzee, taa imebadilisha nini katika maisha yako?"

Asajile akajikohoza. "Zamani niliishi gizani," akasema. "Sasa naona."

Hapo ndipo Mama alipotoka jikoni. Alikuwa na bakuli la mbalaga. Aliliweka chini kwenye benchi, akajifuta mikono, akamgeukia yule mkalimani. Kiswahili chake unakijua, kile cha kutafutatafuta maneno, lakini siku hiyo hakuna neno lililompotea.

"Baba, mwambie huyu mama mgeni: kama anamtaka mwenye picha, anifuate."

Meneja akasema, "Mama, mama, subiri kidogo." Mama alishaondoka. Yule Mzungu akamfuata, na bwana wa Dar akafuata, akasahau viatu. Tukapita kwenye migomba, mimi nyuma yao. Udongo wako bado umeinuka, Baba, haujashuka. Msalaba wa mbao umeanza kupauka kwa mvua.

Mama akasimama kichwani pako. "Huyu hapa," akasema. "Muulizeni."

Hakuna aliyetafsiri. Haikuhitajika. Yule mama alifunika mdomo kwa mkono. Bwana wa Dar akamgeukia meneja, akamuuliza polepole kama alijua. Na unajua alijibu nini yule mtu? Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Mawasiliano hayakukaa sawa."

Basi. Umelala chini ya udongo, na kwao wewe ni mawasiliano yaliyokosa kukaa sawa.

Labda unafikiri mgeni ndiye aliyekuwa na utu. Na mimi nilifikiri hivyo. Machozi yalimtoka kweli, nayaheshimu. Kisha akafuta macho, akainua simu yake, akauliza kupitia mkalimani kama anaweza kupiga picha ya kaburi, watu wa kwao wapate kuelewa. Nilitamani kumrukia. Mama alimtazama kwa muda, si kwa ubaya, kama anavyomtazama mtoto wa jirani aliyeshika sufuria ya moto.

"Hapana," akasema.

Halafu akawarudisha uani, akawanawisha mikono, akawapakulia. Wakala wote, Fredi na nusu kichwa chake, meneja na jasho lake, Asajile ndani ya koti lako. Sijawahi kuona watu wakimeza ndizi laini kwa taabu kiasi kile. Walipoondoka Mama akamwambia Asajile neno moja tu: "Vua." Akavua palepale, akaenda kwake na singlendi.

Televisheni hakuipata. Sasa anatangaza kila anapokaa kwamba kiburi cha Mama kimeunyima ukoo maendeleo, na Mama akipita yeye hutazama milima. Fredi anavaa kofia. Meneja bado ni meneja. Bango lako waliliondoa, na mahali pale wameweka la mwanamke mmoja simjui, naye anacheka, naye eti aliishi gizani. Sijui kama yu hai. Kila nikipita pale namwamkia.

Paneli tumeirudisha. Fredi alipanda batini mwenyewe kuifungua, mvua ikimnyeshea, na Mama alimshikia ngazi. Mimi nimenunua nyingine ndogo pale mjini, nikalipa nikaondoka nayo. Hakuna anayeweza kuizima kutoka Mbeya. Jumapili Mama alisoma Biblia yake mwenyewe chini ya taa hiyo, sauti ya juu, akikosea anarudia. Nililia jikoni.

Nimekukosa, Baba. Nilitaka kukuandikia hilo tu, yakaja haya mengine. Hasira ni rahisi. Nikimaliza kuwadharau wote, mmoja mmoja, wewe bado haupo.

Pasaka nakuja kukujengea. Saruji nimeshaanza kuiwekea akiba. Fundi ameniuliza kama tutaweka picha yako kwenye msalaba, siku hizi wengi wanafanya hivyo, inafunikwa na kioo isiloe. Nilimuuliza Mama. Akafikiri, akasema uso wako yeye anao. Kwa hiyo nakuahidi: litakuwepo jina lako, Ambakisye, limechongwa kwa kina, na chini yake neno moja tu, Kinyozi.

Ndaga fijo, asante sana, Baba. Pumzika. Hakuna atakayekuja kukusumbua tena. Akija, atanikuta mimi mlangoni.

Mwanao,
Atupele