Nestori, Baiskeli Yetu Imerudi Nyantakara

Nestori ndugu yangu,

Kuanzia Biharamulo hadi Ngara hajazaliwa anayejua baiskeli kuliko mimi. Nikipita barabarani, hata zile mbovu zinaacha kupiga kelele kwa heshima. Najua ungecheka. Ulikuwa unasema, "Wewe darasa la tano umelikimbia, lakini kujisifu umesomea mpaka chuo."

Baiskeli yetu imerudi Nyantakara. Mama yako ameifuta matope, ameiegemeza ukutani, pale ulipokuwa unakaa kumenya mihogo. Hakuna anayeigusa.

Unakumbuka majirani walivyotucheka? "Wenzenu wanavuka mpaka kuja huku na magodoro kichwani, ninyi mnavuka kwenda kutembea?" Ukawajibu kwamba ulivushwa mgongoni ukiwa mchanga, safari hii unataka kuvuka macho yakiwa wazi, ukione kilima ulikozaliwa. Siku tatu tu, mmoja akikanyaga, mwenzake kwenye keria. Tukabishana nani mzito. Ni wewe, mpaka leo.

Dereva wa lori la mahindi ya kambi ya wakimbizi alikubali kutufikisha Kanazi, ila baiskeli ifunguliwe, ilale juu ya magunia. Niliifungua mwenyewe: magurudumu, usukani, breki, nati zote mfukoni mwa kaptula. Kanazi nikaifunga upya kabla hujamaliza ndizi yako ya kuchoma. Nikajipigia makofi. Wewe ukasema, "Ngoja niuonje mteremko huu peke yangu, halafu nikupakie."

Sikukuambia hata, "Polepole."

Msibani walisema ni mvua, ni utelezi, ni ule mteremko. Mama yako, nilipomwamkia, alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kukurudisha nyumbani. Anataka niichukue baiskeli, niende nikakione kilima chako kwa niaba yako. Niliitikia tu. Tangu siku hiyo napita njia ya nyuma, nisionane naye.

Lala salama, mzito wangu. Nitakwenda, nakuahidi, na udongo wa huko nitakuletea. Lakini kesho asubuhi naanzia kwa mama yako, kabla hajaenda shambani. Nitamwambia hili ambalo nakwambia wewe kwanza.

Pale Kanazi uliniona nimeshika nati moja mkononi. Ukaniuliza, hii ya wapi? Nikakujibu ni ya ziada, fundi wa kweli hakosi kubakiza moja.

Ilikuwa ya breki, Nestori.