Yaya, Jumamosi Tunakulilia

Yaya Kasongo, kaka yangu mpendwa,

Barua hii naiacha wazi, aisome yeyote, kwa sababu sijui anwani yako na sijui kama unayo. Jumamosi hii familia inakusanyika hapa Kamina ili kukulilia. Papa Mukubwa, kaka mkubwa wa Papa, alifika jana kwa treni kutoka Luena, na mfuko wake wa unga na kuku wake wenye kelele, na hata kabla ya kunywa maji akaniita mbele ya Mama. Kwa ukoo wetu, akasema, mtu aliyepotea haliliwi mpaka yule aliyemwona mwisho asimame na kusema, "Huyu amekufa." Aliyekuona mwisho ni mimi. Nikinyamaza, Mama atabaki hivi alivyo. Nikisema, nakuzika kwa mdomo wangu. Ona kazi uliyoniachia, kichwa nguvu weye!

Unakumbuka vakansi kubwa, shule zikifungwa, tulipokuwa tunaishi mtaa wa watu wa reli? Asubuhi za mwezi wa saba baridi ilikuwa inatoa moshi mdomoni, tukakaa juani tukisugua mikono, tukingoja. Saa sita jua likishapiga saruji, ulikuwa unanishika mkono tunakimbia mpaka pisine, lile bwawa la kuogelea la reli. Harufu ya javeli, ile dawa ya kusafishia maji, tuliisikia kabla ya kufika. Mama mmoja alikuwa anauza mikate ya mafuta kwenye mlango, nawe kila siku ulimwambia kwamba ukikua utamuoa, na kila siku alikupa mkate wa bure. Papa, karani wa reli na mwimbishaji wa kwaya ya kanisa, alikuwa ametukataza kuoga na nguo za shule. Tulioga na nguo za shule.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kuelea. Ulinishika tumbo kwa kiganja kimoja, nami ninapiga kelele na kung'ang'ania ukingo.

"Achia ukuta, weye! Mayi iko paka mayi!"

Mama hakukubali kwamba maji ni maji tu. Alizaliwa Katoto, kando ya Lualaba, na mto ulimchukua kaka yake mchana kweupe, watu wakitazama. "Mayi haina ndugu," alikuwa anatuambia, akitupaka mafuta ya mawese ili ngozi iliyopauka isitusaliti kwa Papa. Alituficha, lakini roho yake ilikuwa juu mpaka turudi.

Na wewe uliijua hofu yake. Ndiyo maana hadi leo sijui kama nikucheke au nikuchape. Siku ile ulizama upande wa kina, ukashika ile grili, wavu wa chuma unaoziba mfereji chini kabisa, ukakaa. Tulihesabu, tukachoka kuhesabu. Mtoto mmoja akakimbia kumwita Mama. Mama akaja, kitenge kinafunguka, akaanguka juu ya saruji na kuanza kilio chenyewe, kile cha wafu, analitaja jina lako na jina la kaka yake pamoja. Watu wakavua viatu waingie kukutafuta. Ndipo kichwa chako kikatokea upande mwingine kabisa, nyuma ya ngazi ya chuma ulikokuwa unaiba pumzi, maji yanachuruzika puani, umekunja uso kwa mshangao:

"Mama, unalilia nani?"

Pisine nzima ilicheka. Mama alikupiga kwa sandali mpaka ikakatika, kisha akakukumbatia ukiwa umelowa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia alichokuambia.

"Sikia, mutoto. Leo njo mwisho. Minyi sitakulilia tena, hata bantu baseme nini, paka nikuone na macho yangu."

Alisema mpaka akuone umekufa kwa macho yake, na Mama si mtu wa kuvunja neno, Yaya.

Baadaye mishahara ikakoma, pampu ikafa, na maji yale ya bluu yakageuka kijani. Vyura wakahamia. Kiangazi kilichofuata kikayakausha yote, zikabaki rangi zinazobanduka, na nyinyi vijana mkafanya pisine kuwa uwanja wa mpira. Mpira wenyewe! Timu moja inapanda mlima, nyingine inashuka, na kila shuti mbaya inajirudia yenyewe upande wa kina, kwako golikipa. Vita ya kwanza ilipita mkiwa mnacheza. Askari wa zamani walikimbia, wapya wakaingia, tukawapigia makofi barabarani. Mwaka uliofuata vita ikarudi, na hiyo ya pili ndiyo iliyotaka vijana.

Siku ile Mama alinituma nikuite ule. Nilifika kwenye uzio wa waya nikaona kamyo, lori la jeshi, imesimama, na askari wamezunguka ukingo wote wa pisine, wanatazama chini. Hawakukimbiza mtu. Kwa nini wakimbize? Lile lilikuwa shimo, na njia ya kutoka ni ile ngazi ya chuma tu. "Bote juu! Moya-moya!" Wenzako wakapanda, mikono kichwani, wengine wamevaa kandambili, mmoja analia. Wewe nilikuona umejilaza upande wa kina, umejibana kwenye kona karibu na ile grili. Mara hii hapakuwa na maji ya kukuficha. Askari mmoja alisimama juu yako anakungoja, wala hakupaza sauti.

Ulipopanda uliniona. Hukulia. Ulisema kama mtu anayekwenda dukani:

"Rudia nyumbani. Ambia Mama ninakuya."

Nilikimbia mpaka kifua kikaniuma. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Nikamweleza yote, kamyo, ngazi, askari. Alisikiliza, mwiko mkononi. "Amesema anakuya?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi anakuya." Akaendelea kusonga. Mchana ule tulikula bukari ile, na Papa alipoingia kutoka kazini alikuta sahani yako imefunikwa.

Mwenzako mmoja alirudi miaka baadaye. Anasema mliachana njiani, upande wa Kabalo, ukiwa mzima, unadai kiatu chako. Zaidi ya hapo hajui, au hataki. Papa alipofariki, wanawake waliokuja matangani walitaka kulitaja jina lako pamoja na lake. Mama akasimama kutoka kwenye mkeka. "Hapa tunalilia muntu moya," akasema. Na hakuna aliyethubutu tena.

Sasa sikia jambo lililotufikisha hapa. Tangu joto la mwezi wa tisa lianze, mchana, tukiwa tumejipumzisha, nasikia nyayo zenye maji barazani. Pwata, pwata, pwata, kama mtoto aliyetoka kuoga anayejaribu kutoamsha watu. Natoka, saruji ni kavu, jua kali, hakuna mtu. Niliogopa, sikusema kitu. Nilidhani akili yangu inaanza kuchoka. Kisha siku moja Mama alikuwa anachambua maharage, akainua kichwa, akanitazama.

"Na weye unasikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akageukia mlango, maharage yanamwagika kwenye mapaja yake. Kesho yake alimtuma mtu kwa Papa Mukubwa.

Papa Mukubwa haoni ajabu yoyote. "Muko munamufunga njia," alituambia jana. "Bado hamujamulilia. Aende wapi?" Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana yeye alikuwa Luena, hakuiona ngazi. Nilitaka kusema labda uko Kalemie una watoto, labda umenenepa, labda umetusahau kama wanaume wengine wanavyosahau. Ningefurahi ungekuwa umetusahau. Lakini asubuhi hii Mama aliniita chumbani. Amekonda, Yaya, kitenge kinamzunguka mara mbili. Akanishika mkono, akaniita mama kama nilipokuwa msichana mdogo.

"Sema amekufa, mama. Mbele ya bantu. Nikisema minyi, nimevunja neno yangu. Ukisema weye uliyemuona na macho, naweza kulia. Nataka nilie mbele ya nguvu kuisha."

Nilimuuliza kama yeye anaamini umekufa. Akasema hakuniuliza hilo.

Nimezunguka nyumba mchana kutwa na neno hilo. Sina mwili, sina kaburi, sina hata kiatu. Nina kijana aliyesema anakuja. Lakini nina pia mwanamke mzee ambaye amezuia kilio chake tangu nikiwa mtoto, na sasa nina watoto wangu mwenyewe.

Basi nimeamua. Jumamosi nitasimama uani, niseme kwa sauti, "Yaya Kasongo amekufa, mimi ndimi niliyemwona mwisho." Mama atalia, wanawake watamshika, na ninaomba alie mpaka alale. Usinikasirikie. Mimi mwenyewe sitatoa chozi. Mama amechoka kukungoja, nimemwambia apumzike, na tangu Jumamosi nitakungoja mimi.

Mdogo wako, yule wa kwenye uzio